Tupeane uzoefu: upweke wa vibarua, kwa waliosoma Of Mice and Men

Mwanzisha mada:
Wanajamvi, naomba tuliosoma riwaya hii ya John Steinbeck ya mwaka 1937, kuhusu vibarua wa ranchi moja huko Marekani, tuambizane ni mhusika gani aliyetukumbusha upweke wa kutafuta riziki mbali na nyumbani. Wengi humkumbuka mzee Candy kwa mbwa wake aliyepigwa risasi. Mimi namkumbuka kwa fedha zake. George, kibarua wa kuhamahama, alikuwa akimsimulia rafiki yake Lennie, mwenye akili ya kitoto, habari za shamba watakalonunua na sungura watakaowafuga ili kumtuliza tu, mpaka Candy, aliyepoteza mkono palepale ranchini, aliposema kwamba mwisho wa mwezi angekuwa na dola 350, ilhali shamba lenyewe lingepatikana kwa dola 600. Hapo ndipo George mwenyewe alipoanza kuamini. Nilipokuwa kibarua katika shamba la mkonge huko Tanga, chumba chetu kizima kilizungumzia kununua mashine ya kusaga nafaka, na maneno hayo yalibaki kuwa porojo za jioni hadi mwenzetu mmoja alipotoa akiba yake mbele yetu. Mashine hatukuinunua, lakini tangu siku ile tuliacha kuibiana sabuni.

Mchangiaji wa kwanza:
Kwangu ni Crooks, mtunza farasi wa ranchi ile. Kwa kuwa ni Mweusi, analala peke yake katika chumba cha matandiko ya farasi, na siku Lennie anapoingia humo, anaanza kumtesa kwa kumuuliza itakuwaje George asiporudi. Nilipokuwa dereva wa familia moja mjini Muscat, mpishi mzee wa nyumba ile alikuwa akiniambia kila nilipopiga simu Tanga kwamba mke wangu amekwisha kunisahau. Nilimchukia kwa muda mrefu. Ni Crooks aliyenifanya nijiulize kama mzee yule aliwahi kupigiwa simu na mtu yeyote, kwa maana asiye na wa kumngojea huumia kumwona mwenzake akingojewa.

Mchangiaji wa pili:
Ninyi wanaume mmempita mke wa Curley (huyo Curley ni mtoto wa mwenye ranchi) kama walivyompita kule ranchini, na mwandishi naye hakumpa hata jina. Mume wangu alikuwa mnyapara katika shamba la chai Mufindi, na vibarua, kwa kuogopa kukosana naye, walinijibu salamu huku wakiondoka. Ndiyo maana sishangai kwamba mwanamke yule, aliyetamani kuigiza filamu Hollywood, alimweleza ndoto yake Lennie, mtu aliyekuwa akiwaza sungura tu. Mimi nilikuwa nikizungumza na mtoto wa jirani aliyekuwa hajajua kusema.

Mwanzisha mada:
Dada, umenibana. Na wewe ulitamani kuwa nani?

Mchangiaji wa pili:
Fundi cherehani mwenye duka lake Iringa mjini. Nyumbani hakuna aliyewahi kuniuliza.