Mrejesho: yale "madaka" ya Al-Inkishafi

Habari zenu wakuu. Wiki iliyopita niliuliza hapa kama Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, shairi lake la kale juu ya magofu ya mji wa Pate, anawasifu matajiri wa mji huo au anawasuta, maana mwalimu alinikata alama nilipoandika "anajivunia madaraka yao".

Sasa nimeelewa, na aibu nimeipata. Si madaraka, ni madaka! Vile vishubaka vya ukutani vya kupangia sahani za kaure kwenye nyumba za kale za Lamu na Pate. Bibi yangu alicheka mpaka akakohoa. Na "nyuni" wanaotajwa hapo ni ndege kwa Kiamu, lahaja ya Lamu. Yaani palipopangwa sahani za fahari, sasa wanalala makinda ya ndege. Kinaya chote kimo humo, nami nilikuwa nakitafuta kwenye matusi.

Aliyenijibu hapa kwamba nitenganishe fahari na kiburi, shukrani. Mshairi anazipamba zile nyumba kwa dhati kabisa, ndiyo maana magofu yanauma. Tena anayeonywa kwanza ni moyo wake mwenyewe.

Insha nimeirudia. Alama bado, mwalimu yuko likizo.