Parsele (kiwanja) ya bei rahisi kando ya mto, huko Bukavu, nichukue ama niache?

mwana_lshi
Bandugu muko aje. Mie niko L'shi (Lubumbashi) ila kazi inanipeleka Bukavu na bibi na batoto batatu, nikaenda kule mwezi wa saba kuangalia parsele, nikapata moja pale chini kando ya mto, udongo mukavu kabisa, mto wenyewe unauruka na mguu moja, na bei karibu nusu ya zile za juu. Mwenye kuuza anasema maji haijawahi kufika. Shemeji anasema nisiguse. Kwetu mvua inaanza mwezi wa kumi na moja, inaishia mwezi wa tatu ama wa ine, januari avenyi (barabara) yetu inakuwa bwawa, tunavua viatu tunapita, kwa hiyo maji si kitu mupya kwangu. Bukavu iko na tofauti gani? Na baridi je?

mutu_wa_kadutu
Papa, mwezi wa saba kila parsele ya Bukavu iko mukavu 😂 Hapa mvua inarudi mwezi wa tisa na inakwenda paka mwezi wa tano. Kwenu L'shi ni tambarare, maji inapanda polepole, unaweka matandiko juu ya meza. Huku ni milima na miti ilishakatwa, maji inashuka pamoja na mawe na udongo, haikupe muda ya kutafuta meza. Unakumbuka Kalehe, kule kaskazini ya Bukavu kando ya ziwa Kivu? 4/5/2023, alhamisi, siku ya soko kule Nyamukubi, mito ikashuka, vijiji vya Nyamukubi na Bushushu vikabebwa, wafu zaidi ya 400, na wengine hawakupatikana hadi leo. Mwezi wa tano hiyo! Ile saa kwenu mwavuli muko mumeisha kuuficha.
Usimuulize mwenye kuuza. Uliza mama mwenye anauza makala (makaa) pale barabarani, yeye hana faida ya kukudanganya, halafu angalia ukuta wa jirani, alama ya matope njo itakuambia.

jiwe_la_goma
Njoo Goma basi, hapa mji uko juu ya mawe ya volkano, maji inazama yenyewe. Ila kuchimba choo, jipange 😅
Baridi usiogope. Bukavu iko karibu na ikweta na juu mita 1,500 hivi, njo maana joto haibadilike sana mwaka muzima, jioni sweta moja inatosha. Nyie L'shi juni usiku munatetemeka, oktoba munapikwa.

mutu_wa_kadutu
Na usifikiri kupanda juu njo dawa. Funu kule Kadutu, hapa hapa Bukavu, udongo unatembea polepole, kuta zinapasuka, batu banaziba ufa kila mwaka. Leta fundi aangalie mbele ya kulipa.

mwana_lshi
Aksanti sana. Nimetuma shemeji kwa mama wa makala. Anasema ukuta wa kwanza wa parsele ulianguka "kidogo tu", huu niliona ni wa pili. Nimemuambia mwenye kuuza tungoje, nitarudi mwezi wa kumi na moja tusimame pale pamoja siku ya mvua kubwa. Tangu juzi simu yangu haipokei.

jiwe_la_goma
😂😂😂 Alishakujibu huyo.