Wapiga picha wa Mwanza, acheni kusingizia ngozi zetu! Mita ya kamera ndiyo hamuijui

Wakuu, salaam. Nina hasira na sitaificha.

Mdogo wangu ameolewa hapa Mwanza. Maharusi walitaka picha za mkanda, zile za kamera ya filamu, tukamlipa mtu anayejitangaza kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Jioni akawasimamisha ufukweni Capri Point, wameipa migongo ziwa. Picha zilivyosafishwa, ziwa linang'aa, mawingu yapo, gauni linaonekana hadi lesi, lakini nyuso ni weusi mtupu. Huoni macho, huoni tabasamu. Tulipomuuliza akamjibu mama yetu hivi: "Mama, ngozi zenu ni nyeusi sana, kamera hizi za Wazungu haziwasomi."

Jibu hilo ndilo lililonifungulisha uzi huu. Mzazi anaambiwa picha za harusi ya binti yake zimeharibika kwa sababu ya rangi aliyomzaa nayo! Na huyu si wa kwanza, maneno haya nimeyasikia kwenye studio zaidi ya moja hapa mjini.

Sasa tuelewane. Mita, yaani kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera, haipimi mwanga unaomwangukia mtu. Inapima mwanga unaorudi kutoka kwenye chochote ulichoielekezea, uwe uso, maji au ukuta, na haijui kipi ni kipi. Imepangwa ichukulie kwamba mandhari yote ikichanganywa pamoja ni kijivu cha kati, kile kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga. Ukiuleta katikati mshale wa mita unaouona ukichungulia kwenye kamera, umeiagiza kamera ikitoe hicho kitu kijivu. Jaza fremu kwa shuka jeupe, litatoka la kijivu. Jaza kwa koti jeusi, nalo litatoka la kijivu.

Rudieni kusoma hapo, maana ndipo uongo wake unapovunjika. Kama mita ingekuwa imeona ngozi nyeusi peke yake, ingedai mwanga ZAIDI, na nyuso zingetoka zimepauka kuliko zilivyo. Kilichowatia maharusi giza ni ziwa. Mji wetu uko upande wa mashariki wa ghuba, kwa hiyo jioni jua linashukia majini na maji yanakurudishia mng'ao machoni. Mita ikachanganya anga, maji na gauni jeupe, ikaona mwanga umezidi, ikataka upunguzwe. Mpiga picha wetu alikuwa na kamera ya Pentax K1000, ambayo inachukua wastani wa fremu nzima. Hata Nikon FM2, ambayo asilimia 60 ya kipimo chake inatoka kwenye duara la katikati la milimita 12, ingedanganyika vilevile kama maharusi wamesimama pembeni na katikati kumebaki maji.

Chukua mfano. Tundu la lenzi liko f/8, unaelekeza ziwani mshale unatulia katikati ukiweka kasi ya 1/500 ya sekunde. Unamsogelea bibi harusi, uso wake unajaza fremu, sasa mshale unatulia ukiweka 1/60. Hizo ni stopu 3, na kila stopu inazidisha mwanga mara 2, yaani jumla mwanga mara 8. Kwa ngozi nyeusi unapunguza kama stopu 1, unapiga 1/125, ili weusi wake ubaki weusi wake na usigeuke kijivu. Ni hatua chache kwenda na kurudi. Kama unaona haya kumkaribia bibi harusi, pima kiganja chako mwenyewe kikiwa kwenye mwanga uleule alio nao yeye, halafu ongeza stopu 1, kwa kuwa kiganja kinang'aa kuliko kijivu cha kati. Hilo nalo ni gumu kwa mtu anayelipwa?

Akajaribu pia kuwatupia lawama waliosafisha. Nikaomba negativu zangu, nikazinyanyua dirishani. Kwenye negativu, palipopata mwanga mwingi pana weusi mzito na palipokosa panabaki peupe. Ziwa limeshiba weusi, gauni limeshiba weusi, na mahali pa nyuso ni plastiki tupu, unaona nyumba ya jirani upande wa pili. Kisichoandikwa kwenye mkanda hakuna studio ya kukitoa.

Na kwenye mkanda huohuo, kamera ileile, saa ileile, kuna picha ya baba akiwa kivulini, nyuma yake mwamba. Baba ni mweusi kutushinda sote. Ametoka hadi mikunjo ya paji la uso inahesabika! Ngozi ile ilisomwaje?

Najua kuna watakaoniletea habari za kadi za Shirley, zile za Kodak zenye picha za wanawake wa Kizungu zilizotumika kusawazisha rangi wakati wa kuchapa. Ni kweli, na lilikuwa kosa kubwa. Ila hilo lilihusu rangi kwenye karatasi. Halimwondolei mtu wajibu wa kupima uso kabla ya kubonyeza.

Tumemtaka aturudishie fedha au awapige upya kwa gharama zake, hapokei simu. Kwa hiyo nauliza hapa: nani Mwanza anapiga mkanda na anapima usoni kwanza? Weka picha ya mtu mweusi uliyempiga ziwa likiwa nyuma yake, uso uonekane. Ubatizo wa mtoto wa kaka unakuja na kazi ipo.