Naomba ushauri: kiboksi cha sensa za jua na UV juu ya bati

Wakuu, habari. Niko Tanga, karibu na bahari. Juu ya bati nimefunga sensa mbili, ya mwanga wa jua na ya UV, yaani miale ya urujuanimno (modeli GUVA-S12SD), zinasomwa na ESP32, kile kikompyuta kidogo cha kwenye chipu. Nilizitia kwenye kontena la chakula, nikakata tundu kwenye mfuniko, nikaziba kwa kipande cha kioo cha dirisha na silikoni.

Mvua moja tu, asubuhi nakuta kioo kinatoka jasho kwa ndani na pini zimeota ukijani. Tena hata kabla ya hapo, saa sita mchana jua la kupasua kichwa, UV inasoma kidogo mno. Kumbe kioo cha kawaida kinazuia karibu UVB yote, ile sehemu ya UV inayounguza ngozi! Polikaboneti, ile plastiki ngumu inayoonyesha, ndiyo usiseme.

Sasa nafikiria karatasi nyeupe ya Tefloni, inapitisha UV na kutawanya mwanga. Aliyeitumia, unene gani? Na mnaigandishaje, maana silikoni haiishiki? Kuhusu jasho, nitoboe tundu chini lipumue, au nizibe kabisa na kutia vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu? Fundi mmoja anasema nimwagie epoksi (gundi inayoganda ikawa ngumu) saketi nzima. Ikifa nitaifunguaje?