Chupa moja kwa kampuni zote: mitungi ya gesi imetufunza nini?

Mwenye mada: Mitaro ya Nairobi imejaa chupa za plastiki, na kila kampuni ya maji ina yake. Ujerumani, wauza maji ya chemchemi wanaogombania wateja walewale wameshiriki chupa moja ya kioo ya lita 0.7 tangu 1969. Chupa ni mali ya ushirika wao. Kinachobadilika ni lebo. Inarudi, inaoshwa, inajazwa hata mara 50. Hapa Kenya tuzilazimishe kampuni za maji kwa sheria zitumie chupa moja, basi.

Muuza gesi, Kitengela: Ndugu, kulazimisha tulishajaribu. Kanuni za 2009 zilitaka kampuni za gesi zitumie vali ya aina moja na zibadilishane mitungi. Mteja alifurahi, na nilifurahi mimi pia: mteja analeta mtungi wowote, anaondoka na wowote. Lakini mtungi unahitaji kupimwa na kupakwa rangi. Nani alipie, wakati kesho uko kwa mpinzani? Wajazaji wa uchochoroni wakaingia hapo hapo, wanajaza mtungi wa mtu mwingine na hawalipii ukarabati hata shilingi. Kufikia 2019 lazima hiyo iliondolewa. Kubadilishana sasa ni kwa makubaliano ya wenye mitungi.

Mama wa nyumba tano, Mtwapa: Na tuliolipia ni sisi. Duka la jirani limekataa mtungi wangu kwa kuwa ni wa kampuni nyingine, nikaubeba kwa boda hadi mjini. Msiseme tu kampuni ziliumia.

Mwenye mada: Pole dada. Lakini chupa hailipuki kama mtungi! Halafu angalia umbali: kiwanda kiko Nairobi, chupa tupu iko Malindi. Ikiwa ni ya kampuni moja, lazima isafiri mpaka Nairobi. Ikiwa ni ya wote, inajazwa Mombasa. Lori zima la hewa limeokolewa.

Muuza gesi, Kitengela: Hilo la lori nakubali, na ndilo la maana kuliko yote uliyosema. Ila soma tena mfano wako. Wajerumani hawakuacha chupa ikawa ya kila mtu. Ushirika ndio mwenye chupa. Kwetu tulianza na amri, mwenye mitungi tukamtafuta baadaye. Wewe unataka kurudia hivyo hivyo. Anza na kampuni tatu za Pwani, wachange wenyewe mashine ya kuoshea. Wakimaliza mwaka bila kushtakiana, nitakuunga mkono kwa sheria.

Mama wa nyumba tano, Mtwapa: Na amana ya chupa, ile pesa unayorudishiwa ukirudisha chupa? Ikiwa shilingi tano, mtoto wangu ataitupa.