Naomba ushauri: kabureta inavuja nikishazima injini

Hamjambo wenzangu. Nina Peugeot 504 niliyoachiwa na mzee, ndugu ya ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975, ingawa yangu siku hizi inashindana na foleni ya Jogoo Road, Nairobi, tu. Ikitembea haina neno. Shida huanza nikizima injini ikiwa moto: dakika chache tu, petroli inachuruzika pale mfuniko wa kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa) unapokutana na bakuli lake la petroli, harufu inajaa gereji. Ikipoa, kimya.

Fundi wa kwanza alikaza skrubu kwa nguvu zake zote; naogopa aliupinda mfuniko. Nikanunua sindano mpya (ile inayofunga njia ya petroli kuingia kwenye bakuli) na gasketi mpya Kirinyaga Road. Floti, lile boya linaloisukuma sindano ifunge bakuli likijaa, nililitumbukiza kwenye maji moto, halikutoa kipovu hata kimoja, kwa hiyo halijatoboka. Bado inavuja.

Je, kiti cha sindano (pale inapokaa ikifunga) kimelika, pampu inasukuma kupita kiasi, au petroli inachemka tu kwa joto? Nitatofautishaje kabla ya kununua kabureta nzima? Kizimamoto kiko karibu, na jirani mvuta sigara nimeshamwomba akae mbali.