Wenye mulipitia ugonjwa mkubwa na mukawa munaandika mashairi, tupeane uzoefu

Mwana wa Kadutu (Bukavu)
Nawasalimia wote. Mimi niko na SS tangu kuzaliwa, ule ugonjwa wa damu wenye chembe nyekundu zinapinda kama mundu halafu zinaziba mishipa midogo, na mwenye hajapata krizi hawezi jua ule uchungu. Huku Bukavu baridi ya mvua ndiyo inaniamsha sana, saa nane ya usiku mifupa ya miguu inaanza kuwaka, mama anapasha maji, nameza dawa, nakunywa maji mingi, kisha ni kungoja tu. Hapo kwa kungoja ndipo shairi liliniingia. Mwalimu wetu wa sekondari alitufundisha mizani nane kwa nane, ni kusema silabi nane kila kipande cha mstari, basi usiku moja nikaanza kuhesabu kwa vidole, neno likizidi silabi moja nalitoa natafuta lingine, nikashituka jogoo anawika. Uchungu haukuisha, sitadanganya mtu, lakini ulipata mwenzake kichwani. Ubeti wa kwanza ni huu:

Usiku mrefu mno, mfupa unaniwaka,
Nahesabu kwa mkono, mizani ikizunguka,
Ninangojea sindano, na jua halijatoka,
Damu yangu tulizana, asubuhi itafika.

Vidole vikivimba siwezi kushika biki (kalamu), nasema ndani ya telefone naandika kesho yake. Niko na kaye (daftari) tatu sasa. Na ninyi?

Mama wa Birere (Goma)
Pole sana mwanangu. Mimi ilikuwa kifua kikuu, miezi sita ya vidonge. Siku za kwanza mkojo ukatoka mwekundu nikalia nikidhani nakufa, muganga akaniambia ni dawa tu. Chenye kiliniumiza zaidi ni jirani, aliacha kupokea kikombe changu hata muganga alipokuwa amesema siambukizi tena. Basi kila asubuhi nikisha kumeza naandika mstari moja, hakuna vina, ni maneno nilitaka kumwambia jirani na mdomo ulikataa. Tarehe 27 Mei 2021 walipotuambia tutoke mujini kwa sababu ya volkano, tukashika njia ya Sake kwa miguu, nilibeba mtoto, dawa na ile kaye, masufuria yote nikaacha. Nilipona. Jirani sijamsomea mpaka leo, lakini mtoto wangu anaijua yote kwa kichwa.

Wa Katuba (Lubumbashi)
Shiye huku ilikuwa mama yetu, kansa ya titi. Hakusoma, hata jina lake hajui kuliandika, lakini yeye njo alikuwa mshairi wa nyumba, tangu zamani banamuita kwa matanga atunge ya kuomboleza. Tulipita Kasumbalesa, kwa mupaka wa Zambia, kumupeleka Lusaka kwa sababu ya mashine ya miale, ndani ya bisi akaanza kutunga polepole, miye naandika nyuma ya karatasi ya egzamen. Ile kansa anaiita mugeni mwenye hakubisha hodi, anaisemesha, anaiuliza ilikula bukari (ugali) ya nani mpaka ikanona vile. Dawa ya mushipa ilikuwa inamuletea ladha ya chuma kwa kila chakula, bukari ikamushinda, kutunga hakukumushinda. Nikikosea neno moja anakatala, anasema rudilia. Alitutoka mwaka jana. Kwa matanga tuliimba yake mwenyewe, ile alituachia, na mistari mbili sikuweza kuimaliza, dada yangu akanipokea.

Mutu wa Himbi (Goma)
Poleni. Mimi nitasema tofauti kidogo. Niko kwa mashine ya kusafisha damu kwa sababu ya figo, masaa ine umelala mkono moja umefungwa. Nilijaribu kuandika, nikawa nazungukia kifo tu, ukurasa baada ya ukurasa, usingizi ukapotea kabisa. Nikaacha. Mwenye inamzidishia aache asijilazimishe. Lakini kusikiliza ya wengine napenda, hiyo ya mugeni nimeisoma mara tatu.

Mwana wa Kadutu (Bukavu)
Yaya wa Himbi, asante kwa kusema wazi. Hata mimi niko na kurasa nilibandika nisizirudilie tena. Kama unapenda ninakutumia kwa sauti, unaingia kwa mashine siku gani?

Mutu wa Himbi (Goma)
Siku ya pili na siku ya tano, saa mbili asubuhi. Anzia na ile ya damu tulizana.